Bomba la Mama na Kiti cha Udiwani

Tarehe 6 Januari

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumbani, nyingi kuliko stempu nilizobandika. Huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo siku hizi hutangaza mvua kabla ya redio. Mama Pacha, jirani yetu, anakusalimu. Pacha wake wameota meno na wanauma kila mtu bila ubaguzi. Kuku wako mweusi alikufa mwezi wa kumi, nami nilikuwa naona haya kukuandikia. Alikufa kwa uzee, si kwa sufuria yangu. Niamini.

Sasa kaa chini, dada. Kama umeshakaa, simama kisha ukae tena. Nagombea udiwani wa kata yetu.

Usicheke. Unajua mtaro wa mtaa wetu umeziba tangu tukiwa watoto, na mvua ikinyesha nyumba za bondeni zinaingia maji hadi magotini. Nimeandikia halmashauri ya jiji barua kumi na moja. Ya kumi na mbili niliipeleka kwa mkono wangu. Karani akaiweka juu ya zile kumi na moja, mbele ya macho yangu, kisha akaweka kikombe chake cha chai juu yake. Nikasema basi. Kama barua zangu haziingii kwenye chumba cha mikutano, nitaingia mimi. Kinyozi amekubali kuwa meneja wa kampeni. Ofisi yetu ni kile kiti chake cha pili, kisichozunguka.

Mpinzani ni mmoja tu, Mwalimu Mkuu, yule aliyetufundisha sote kusoma. Alistaafu mwaka jana na hajui pa kuipeleka sauti yake. Akianza kuongea hakuna wa kumfunga. Mimi unanijua, mbele ya watu watatu ulimi unageuka gundi. Kwa hiyo, ewe mwananchi mwenzangu, nakusihi kwa unyenyekevu mkubwa... Samahani, hiyo ni ya hotuba, Kinyozi ananilazimisha niizoee. Nilitaka kusema, njoo, dada. Jina lako bado limo kwenye daftari la wapiga kura hapa. Watu wanakumbuka ulivyokuwa ukinyoosha foleni ya bomba la mtaa kwa neno moja. Simama nami mara moja tu mbele yao na tutashinda. Uchaguzi ni tarehe 4 Mei.

Ni mimi mdogo wako, na mtumishi wako mtarajiwa,
Spana


Tarehe 2 Februari

Mdogo wangu Spana,

Barua yako ilifika imelowa. Wewe fundi bomba hata bahasha zako zinavuja. Mimi sijambo. Hapa hospitalini kazi ni ileile, mashuka mia mbili asubuhi, mia mbili mchana, na ile mashine ya tatu inayotembea chumba kizima ikitafuta mlango. Wamenipa ukuu wa chumba cha kufulia. Maana yake nafua kama zamani, ila sasa nalaumiwa pia.

Simu yako nimeiona ikiita mara tisa. Sipokei. Msimamo wangu unaujua. Neno la kwenye simu mtu hulikana kesho yake, lakini karatasi haina ulimi wa pili. Tangu una miaka saba wewe ni mtu wa "nitafanya kesho," nami nimejifunza kukudai kwa maandishi.

Huo udiwani nimeusoma mara mbili nikidhani ni mwandiko wako. Wewe? Wewe uliyepewa kipaza sauti kwenye harusi ya binamu yetu, ukasema "Halo," ukakirudisha? Lakini nia yako naiona ni njema. Na mtaro ule naujua, viatu vyangu vya kwanza vya shule vilikwenda nao na mpaka leo havijarudi. Kuhusu kuku, nimesamehe. Nilijua tangu mwezi wa kumi na moja, Mama Pacha aliniandikia.

Kuja siwezi. Nina kazi, na mashuka hayajui uchaguzi.

Nikuulize jambo moja tu. Bomba la jikoni kwa mama, umelitengeneza?

Dada yako


Tarehe 25 Februari

Dada mpendwa,

Hongera kwa ukuu. Nimemwambia kila mtu, na wengine nimewaambia mara mbili. Pacha sasa wanatembea, kwa hiyo wanauma watu wa mbali pia.

Kampeni inakwenda vizuri, ila haifiki. Kinyozi alipanga tupite nyumba kwa nyumba, sitini kwa siku. Nyumba ya kwanza nikabisha hodi, nikaanza, "Mimi ni mgombea wenu..." Mwenye nyumba akanivuta mkono. "Tunakujua, fundi, ingia, choo kinavuja." Nikaingia. Nyumba ya pili, sinki. Ya tatu walikuwa hawana tatizo lolote, nikaanza kueleza mambo ya mtaro, ndipo bibi wa nyumba akakumbuka bafu. Jua linazama tumemaliza nyumba sita, na Kinyozi amejifunza kushika tochi. Analalamika kwamba meneja wa kampeni hapaswi kunuka maji ya sinki.

Mwalimu Mkuu alipita kwenye bango letu na kalamu nyekundu. Alilisahihisha lote, akalipa alama kumi na mbili kwa ishirini, chini akaandika, "Unaweza, ukijitahidi." Watu wanatoka mitaa mingine kuja kulisoma. Kinyozi anasema hayo ni matangazo ya bure.

Hotuba ya kwanza niliitoa Jumamosi. Nilipanda juu ya kreti la soda, nikaona watu kama arobaini, nikasema, "Ndugu zangu." Nikanyamaza. Nikaendelea kunyamaza. Wazee wakadhani ni dua, wakainamisha vichwa. Baada ya kitambo Mama Pacha akasema, "Amina," na watu wakatawanyika kwa heshima.

Hali ya hewa ni nzuri. Goti limetulia. Nakuhitaji, dada, njoo.

Spana


Tarehe 18 Machi

Mdogo wangu,

Mimi mzima, mashine ya tatu ndiyo mgonjwa. Barua yako nimeisoma kutoka juu kwenda chini, kisha nikaikung'uta kama foronya. Goti limo, Kinyozi yumo, Amina imo. Bomba la jikoni kwa mama sijaliona. Labda lilidondoka njiani, posta siku hizi ni wazembe.

Kuhusu hotuba, nikupe shauri moja halafu usiniombe jingine. Wewe ukimweleza mtu kwa nini bomba lake linavuja, hukwami. Unaongea mpaka mtu anatamani bomba lipasuke ili unyamaze. Basi wachukulie watu wote hao kuwa ni mwenye nyumba mmoja mwenye bomba bovu, uwaeleze.

Mama aliwahi kuniambia, akiwa amebeba ile ndoo ya kukingia matone anaipeleka uani, "Mdogo wako huyu kwa watu fundi, kwangu mgeni." Alikuwa anacheka. Mimi sikucheka, na mpaka leo sijapata sababu ya kucheka. Ni raba moja ya kuzuia bomba lisivuje, Spana. Mama alikufa ndoo ikiwa bado iko chini ya lile bomba.

Kuja siwezi.

Dada yako


Tarehe 9 Aprili

Dada yangu,

Kabla hujaandikiwa na Mama Pacha nakuandikia mwenyewe, tena kwa karatasi, unavyopenda. Salamu kwanza. Pacha wazima, goti zima. Aliyekuwa mgonjwa wa aibu ni mimi, siku tatu mfululizo, na sasa naendelea vizuri.

Jumamosi tulikuwa na mkutano mkubwa saa nne asubuhi. Nikavaa lile koti langu la heshima. Saa mbili Mwalimu Mkuu akaniita. Bomba lake limepasuka na maji yanaelekea kwenye kabati la vitabu. Kinyozi akapiga kelele, "Mwache! Huyo ni mpinzani!" Nikamwambia vitabu havigombei, nikaenda. Sasa, ili kuunganisha bomba lile lazima ufunge valvu kuu ya kata, iliyo ndani ya shimo pembeni mwa barabara. Inafungwa kwa ufunguo wa chuma wenye umbo la T. Idara ya maji ilinipa mmoja miaka ile, kwa kuwa mafundi wao huchelewa. Nikafunga maji, nikatia ufunguo mfukoni mwa koti nisije nikausahau shimoni, nikaunganisha bomba. Nilipomaliza ilikuwa karibu saa nne. Mwalimu Mkuu mwenyewe akanihimiza, "Kimbia! Ni mkutano wako, nami uchelewaji siuvumilii." Nikakimbia.

Dada, nilifuata shauri lako na nilinguruma. Nilieleza mtaro ule ulivyoziba, wapi, kwa nini, na namna ya kuuzibua, na hakuna aliyeinamisha kichwa. Mwisho nikanyoosha mkono juu nikasema, "Mkinichagua, kata hii maji hayatakatika hata siku moja!" Walipiga makofi mpaka Kinyozi akalia. Wakaenda makwao kwa furaha, wakafungua mabomba. Makavu.

Nikarudi nyumbani, nikatundika koti msumarini. Jumapili kavu. Watu wakaja na ndoo tupu wakisema idara ya maji inatuhujumu kwa sababu ya kampeni. Nikakasirika pamoja nao, kwa moyo wangu wote. Nilikagua mabomba kumi na manne nikatangaza kwamba tatizo liko juu. Jumatatu nikavaa tena koti la heshima, nikaongoza watu thelathini hadi idarani. Nilimwambia meneja maneno ambayo sitayaandika. Nilisema mhujumu akipatikana afungwe miaka saba. Nikapiga meza. Nilipoinama kupiga mara ya pili, ufunguo ukachomoka mfukoni, ukaanguka juu ya meza, ukazunguka kidogo, ukatulia mbele yake.

Meneja akauokota, akasoma maandishi, maana kila ufunguo umeandikwa kata yake. Akaniuliza kwa upole, "Mheshimiwa mgombea, ulisema miaka mingapi?"

Tulirudi kwa miguu, mimi mbele, watu thelathini nyuma. Tukafika kwenye lile shimo. Nikashuka, nikazungusha, tukasikia maji yakipita chini. Hapo Mama Pacha akaanza kucheka, akakaa chini barabarani, na wengine wote wakafuata. Kinyozi peke yake hakucheka. Amekwenda kumnyoa mtu nusu akamsahau.

Nadhani nimeshindwa, dada. Ukija sasa utakuja kunizika tu, lakini njoo.

Spana


Tarehe 20 Aprili

Mdogo wangu mhujumu,

Barua yako niliisoma kwa sauti chumba cha kufulia. Lilikuwa kosa. Mashuka ya wodi mbili yalichelewa, daktari akashuka mwenyewe kuuliza kuna nini, tukamsomea na yeye. Sasa akipita ananiuliza, "Miaka mingapi?" Nimecheka mpaka mbavu zikauma, na sijacheka hivyo tangu niondoke nyumbani.

Lakini hukushindwa kwa sababu ya ufunguo. Mama Pacha ameniandikia, na nakwambia maana hapo hakuna atakayekwambia. Watu wameusamehe ufunguo siku ileile. Wanachoogopa ni kwamba ukishinda utakaa vikaoni umevaa koti, na mabomba yao yatakosa mtu. Wanakupenda, Spana, ndiyo maana wana mpango wa kukunyima kura. Mzee wa ghorofa ya pili amesema waziwazi, madiwani wapo wengi, fundi anayekuja akiitwa ni mmoja.

Kicheko hakijanisahaulisha. Nauliza mara ya tatu. Bomba la jikoni kwa mama? Kama hukulitengeneza, andika "hapana." Ni neno fupi.

Tarehe 4 Mei nina zamu. Inaweza kubadilika, lakini usiitegemee.

Dada yako


Tarehe 8 Mei

Dada mpendwa,

Salamu. Pacha hawajambo. Nakwenda kwenye jambo lenyewe kabla sijaogopa.

Nimepata kura mia nne na kumi na mbili. Mwalimu Mkuu amepata mia nne na kumi na mbili. Walihesabu mara tatu, na mara ya tatu Mwalimu Mkuu alisimama nyuma yao, kwa hiyo hesabu ni sahihi. Sheria inasema turudie, tarehe 8 Juni. Mzee wa ghorofa ya pili alinishika mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga, akasema, "Nilikunyima kwa mapenzi, mwanangu." Kisha akanikumbusha choo chake.

Nyumba ya mama iko vizuri. Siku ile ya uchaguzi Mama Pacha alipita kunisaidia usafi, nadhani. Nilikuta ndoo imemwagwa kabla yangu, na kile kitambaa cha sahani kimekunjwa mara nne, pembe juu ya pembe. Sikujua Mama Pacha anakunja vizuri hivyo. Nilipomshukuru akanitazama kama nimepata homa.

Sasa nakujibu. Hapana. Sijalitengeneza.

Asubuhi ile ya mwisho mama aliniuliza, "Leo utanitazamia bomba langu?" Nikamwambia, "Kesho, mama." Nilikuwa na kazi kwa watu wawili. Niliporudi, majirani walikuwa wamejaa uani, na mtu mmoja akaja kunipokea mfuko wa vifaa begani, ndipo nikajua.

Raba ninayo. Iko mfukoni mwa suruali ya kazi huu mwaka wa nne, ndogo kama kifungo cha shati. Suruali ninaifua nayo, kisha raba ninaihamishia nyingine. Kila asubuhi naingia jikoni kwake, namwaga ndoo, nakaa kwenye kigoda chake, nasikiliza. To. To. To. Unakumbuka alivyokuwa akiosha vyombo na kuimba akifuata mdundo ule? Ndiyo sauti yake iliyobaki mle ndani. Nikilifunga, nyumba itanyamaza, na ile kesho niliyomwahidi itakuwa imeisha bila yeye. Nimefunga mabomba ya kata nzima, dada. Hilo moja siliwezi.

Nilinyamaza kwa kuwa niliona aibu. Ulidhani ni uvivu nami nikaona afadhali udhani hivyo. Basi nimeshaandika, na karatasi haina ulimi wa pili.

Spana


Tarehe 19 Mei

Mdogo wangu,

Leo sina habari za mashine. Barua yako niliisomea nyuma ya mashuka yaliyoanikwa ili wenzangu wasinione. Nililia kwenye shuka safi, ikabidi nilifue tena.

Na mimi nina la kuandika. Sitalizungusha.

Tarehe 4 Mei sikuwa na zamu. Nilipanda basi siku moja kabla, nikafika asubuhi nimejitanda mtandio mpaka puani. Nilitaka nikupigie kura kisha nikushtukize kwa Kinyozi, ukiwa umekaa kwenye kile kiti kisichozunguka. Lakini nikapitia kwa mama kwanza. Nikafungua mlango nikasikia. Ndoo ileile, mahali palepale. Damu ikanipanda. Nikasema, huyu anaahidi kata nzima maji, na mama yake hakuambulia hata raba. Nikamwaga ndoo. Nikakunja kile kitambaa, maana mikono yangu haijui kukaa bure. Kisha nikaenda kituoni nikampigia Mwalimu Mkuu. Nilibonyeza kalamu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka. Adhuhuri nilikuwa ndani ya basi, nimeshiba hasira.

Ile kura moja iliyomfanya akufikie ni yangu, mdogo wangu. Ningebaki na mashuka yangu, leo ungekuwa diwani.

Miaka minne nimekuhukumu kwa uvivu, kumbe ulikuwa unaomboleza, na mimi niko mbali nahesabu makosa yako. Sikuwepo siku ile. Ilikuwa rahisi kukasirikia bomba kuliko kujikasirikia mwenyewe. Nisamehe.

Nakuja tarehe 6 Juni. Bomba usiliguse. Raba iwe mfukoni.

Dada yako


Tarehe 27 Mei

Dada yangu,

Nimeisoma. Nilikukasirikia kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Nilikwenda hadi kwenye kalenda na penseli, nikakokotoa, ni kweli, ningeshinda. Kisha nikakumbuka jambo langu mwenyewe, hasira ikakosa pa kukaa.

Nilipoingia kile chumba cha kupigia kura nikaona jina langu kwenye karatasi, na picha yangu pembeni, nimevaa koti. Nikaona haya. Mtu anajipigiaje kura mwenyewe, dada? Ni kama kujipakulia nyama yote kwenye sinia la wageni. Kinyozi hajinyoi. Nikamtazama Mwalimu Mkuu kwenye picha yake, nikakumbuka alivyonishika mkono nikaandika herufi ya kwanza. Nikampigia yeye. Nikajiambia, kura moja itafanya nini.

Kwa hiyo usijilaumu peke yako. Katika kata nzima, Mwalimu Mkuu hana wafuasi waaminifu kuliko mimi na wewe.

Kinyozi hajui. Akijua atanikata masikio, na kwa kazi yake atasema ni bahati mbaya. Choma barua hii. Najua hutaichoma.

Nimekufagilia chumba chako. Nakungoja.

Spana


Tarehe 16 Juni

Kwa Mheshimiwa Diwani, ambaye mara ya mwisho nilimwona amelala chali chini ya sinki la Mzee wa ghorofa ya pili akiwa na koti la heshima,

Nimefika salama. Basi liliharibika mara mbili, na mara ya pili dereva aliuliza kama kuna fundi ndani. Nilikaribia kukutaja. Mashine ya tatu imenipokea kwa kunifuata hadi mlangoni.

Wenzangu wamenitaka niwasimulie ule mkutano niliosimama nawe kabla ya kura, na nimewasimulia mpaka nimechoka. Wanachopenda ni pale nilipowaambia watu wenu, "Mnaogopa akishinda atawachelewesha? Mimi dada yake nimemngoja miaka minne kwa raba moja. Foleni yenu iko palepale, hamna cha kupoteza." Naona hilo ndilo lililowapa moyo, ingawa Kinyozi anasema ni mabango. Kura mia nne na thelathini na tisa si haba. Siku ya kura nilikusindikiza hadi mlangoni, nikakwambia jipakulie nyama, nami nikangoja nje mpaka ulipotoka umeinamisha macho. Sikuulizi ulimpigia nani. Kura ni siri.

Mwalimu Mkuu amenipa mkono akasema atahudhuria kila kikao cha halmashauri, akae nyuma, na kalamu nyekundu. Mtaro huo uuzibue mapema, Spana. Yule hatoi alama za huruma.

Jambo la jikoni sikumsimulia mtu. Ulivyoitoa ile raba mfukoni, imechakaa kwa kufuliwa, ukasema haifai tena, na mimi nikatoa nyingine kwenye mkoba wangu. Nilikwambia nimeinunua stendi. Si kweli. Nimekuwa nayo mwaka wa nne na mimi. Niliinunua wiki ile ya mazishi nikutupie usoni, kisha nikaondoka nayo. Kumbe tulikuwa tunaibeba wote wawili. Kazi yenyewe ilikwisha kabla maji ya chai hayajachemka. Halafu kile kimya. Nashukuru ulinishika mkono.

Nakwambia hili kwa kuwa umekuwa kiongozi na unatunza siri. Tangu juzi bomba la hapa chumbani kwangu limeanza kudondoka. Nimeweka bakuli chini yake. Jioni nikitoka kazini nakaa karibu nalo, nakunja nguo zangu, na jana nilijikuta naimba ule wimbo wake. Mwenye nyumba ameuliza kama alete fundi. Nimemwambia fundi ninaye, ni ndugu yangu, ila ana vikao vingi.

Ukipata nafasi, njoo na spana. Usiharakishe.

Dada yako